Zamu ya usiku wodini: mwongozo kamili kwa muuguzi, kuanzia ripoti ya jioni hadi ripoti ya asubuhi

Zamu nyingi za usiku huharibika saa 11 na nusu alfajiri. Hapo ndipo sindano za saa 12, vipimo, damu za maabara, mifuko ya mkojo, insulini na ripoti vinapowaangukia kwa pamoja watu wawili ambao macho yamekwisha kuwa mazito. Wauguzi wapya hurudia lalamiko moja: "Usiku ulikuwa shwari, sijui asubuhi imenishindaje." Imekushinda kwa sababu uliingoja ifike ndipo uipange. Zamu ya usiku hupangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kukabidhi, na mpango huo huwekwa kabla ya saa 4 usiku.

Mfano wetu ni wodi ya watu wazima ya magonjwa ya ndani katika hospitali ya mkoa, Tanzania: vitanda 28, wauguzi wawili, mhudumu wa afya mmoja, na daktari wa zamu anayezunguka wodi kadhaa. Kuingia saa 2 usiku, kutoka saa 2 asubuhi. Kama kwenu ni saa moja na nusu, sogeza saa zote nusu saa nyuma. Dozi zote humu ni za mtu mzima, na karatasi ya dawa iliyosainiwa na mwongozo wa hospitali yako ndivyo vyenye kauli ya mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo

Vya kwako mwenyewe: kalamu mbili, mkasi, tochi ndogo, sweta, maji, chakula chepesi, karatasi moja ya A4, na saa ya mkononi au ya kubana kifuani yenye mshale wa sekunde. Simu haichukui nafasi ya saa. Huwezi kuishika kwa glavu ukiwa unahesabu matone ya dripu, na ukiiwasha gizani unamwamsha mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Vya wodi, ambavyo unavikagua kwa kuvishika wakati wenzako wa jioni bado wapo:

- Ambu bagi (mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono) na barakoa inayoiingia. Ziba tundu la mbele kwa kiganja, kamua. Ukisikia hewa inavuja, haifai.
- Mashine ya kufyonza makohozi: iwashe, ziba mpira kwa kidole, uone kama inavuta.
- Glukomita (kipima sukari ya damu) na stripu. Zihesabu. Stripu tatu kwa wagonjwa sita wa kisukari ni tatizo la saa 2 usiku, usiliache likawa la saa 9.
- Dawa za dharura: adrenalini, haidrokotisoni, dekstrosi ya asilimia 50, diazepamu, furosemaidi.
- Kanula (mpira mdogo wa kuingiza mshipani) namba 18 na 20, sirinji, plasta, glavu, maji ya chumvi, kisanduku cha sindano kisichozidi robo tatu.
- Mitungi ya oksijeni, spana yake, na sehemu umeme wa jenereta unapofika. Si soketi zote zinazoupata.

Kinachokosekana kinaombwa stoo au wodi jirani sasa hivi, kabla watu wa jioni hawajatawanyika na funguo zao.

## Hatua ya 1: Mchana wa kuingia

Lala kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili alasiri, hata kama uliamka vizuri asubuhi. Anayeamka saa 12 asubuhi na kuingia zamu bila kulala atakuwa macho saa 21 mfululizo ifikapo saa 9 usiku, na hiyo ndiyo saa ya kukokotoa dozi.

Kula mlo wako mkubwa kabla ya kutoka nyumbani. Ugali mzito na maharage saa 8 usiku humfanya mtu asinzie akiwa amesimama. Wodini beba ndizi, karanga, mayai ya kuchemsha, au wali kidogo wa kula kama saa 6. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga akubaliane na mwenzake mapema kuhusu dakika za daku, maana saa ya daku inaingiliana na maandalizi ya kazi za alfajiri.

Chai na kahawa zinywe nusu ya kwanza ya usiku. Kafeini hukaa mwilini muda mrefu: baada ya saa tano hivi nusu yake bado ipo. Kikombe cha saa 11 alfajiri kitakukodolesha macho saa 4 asubuhi kitandani kwako.

## Hatua ya 2: Pokea ripoti kitandani

Ripoti inayosomwa mezani kutoka kwenye daftari ni nusu ripoti. Tembeeni kitanda kwa kitanda, anayetoka na anayeingia, na kwa kila mgonjwa angalia vitu vitano kwa macho yako: anavyopumua, kanula ilipo na kama imevimba, dripu imebaki kiasi gani, mfuko wa mkojo una nini, na oksijeni inasoma lita ngapi.

Msalimie mgonjwa na umwambie wewe ni nani. "Shikamoo bibi, mimi ndiye muuguzi wenu wa usiku huu" inachukua sekunde tano, na jibu lake ni kipimo. Bibi aliyeitika "marahaba" vizuri saa 2, kisha saa 8 anakuita kwa jina la mwanawe, amebadilika, na wewe ndiye shahidi pekee wa alivyokuwa mwanzo.

Kuna kosa moja la Kiswahili chetu linalostahili aya yake. Karatasi ya dawa huandikwa kwa saa 24, lakini sisi tunazungumza kwa saa za Kiswahili. Mwenzako anasema "kristapeni nimempa ya saa sita." Saa sita ipi? Mchana ni 12:00, usiku ni 00:00, na kwenye karatasi kuna safu ya 06:00 ambayo ni saa kumi na mbili asubuhi. Mtu akiandika "6" kwenye safu isiyo yake, mgonjwa anapata dozi mara mbili au haipati kabisa. Kanuni ni hii: mdomoni sema "saa sita usiku", kwenye karatasi andika 00:00, na usikubali kupokea dozi ambayo haina saini kwenye safu yake. Tarehe nayo hubadilika ifikapo 00:00. Maelezo ya saa 7 usiku yakiandikwa tarehe ya jana, daktari wa asubuhi atadhani mgonjwa alizidiwa saa 24 kabla.

Kisha kabati la dawa zenye udhibiti: mofini, pethidini na nyinginezo. Wawili mnahesabu ampuli moja moja, mnalinganisha na rejesta, mnasaini wote. Hesabu isipolingana, anayetoka haondoki mpaka msimamizi wa zamu ajulishwe.

Utajua ripoti imekaa sawa ukiweza kutaja, bila kufungua daftari, vitanda vitatu vinavyokutia wasiwasi zaidi.

## Hatua ya 3: Chora usiku wako kwenye A4

Kunja karatasi, andika namba za vitanda upande wa kushoto na saa juu. Jaza kuanzia mwisho. Ripoti ya asubuhi inaanza saa 1:30, kwa hiyo uandishi uwe umekamilika saa 1:15. Sindano za 06:00 zinakula kama dakika tano kila moja kuanzia kuchanganya hadi kusaini. Wagonjwa 12 wenye sindano ni saa nzima kwa mtu mmoja. Basi damu za maabara haziwezi kuchukuliwa saa 12, lazima ziwe zimetoka saa 11. Na kama damu ni saa 11, fomu na chupa ziandaliwe saa 10. Umeona inavyorudi nyuma?

Kwa wodi ya mfano wetu inatoka hivi:

- Saa 2:00 hadi 3:00 usiku: ripoti, ukaguzi wa vifaa, mpango.
- Saa 3:00 hadi 4:45: raundi ya kwanza ya vipimo, dawa za usiku, vyandarua.
- Saa 5:30 hadi 6:45: dawa za 00:00.
- Saa 8:00: vipimo vya pili, kugeuza wagonjwa.
- Saa 9:00 hadi 10:00: kupumzika kwa kupokezana.
- Saa 10:00 alfajiri: fomu za maabara, rasimu ya ripoti, kugeuza tena.
- Saa 11:00: damu za maabara, mifuko ya mkojo.
- Saa 11:30 hadi 12:45: sindano na vipimo vya 06:00.
- Saa 1:00 asubuhi: sukari za kabla ya chai, kumalizia maandishi.

Wagonjwa wasiojigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, kwa hiyo safu yao kwenye A4 inajaa alama kutoka juu hadi chini. Usiiweke kichwani.

## Hatua ya 4: Raundi ya kwanza ya vipimo

Hapa ndipo utagawa wagonjwa. Kama hospitali yenu inatumia NEWS2, alama za kumtambua mapema mgonjwa anayezidiwa, zilizotolewa na chuo cha kifalme cha madaktari cha Uingereza mwaka 2017, mgawanyo unajitokeza wenyewe: jumla ya 0, pima angalau kila baada ya saa 12; 1 hadi 4, kila baada ya saa 4 hadi 6; 5 au 6, au alama 3 kwenye kipimo kimoja tu, kila saa na daktari ajulishwe haraka; 7 na kuendelea ni dharura, mgonjwa haachwi. Kama hamtumii alama hizi, shika walau hivi kati ya viwango vinavyopewa 3: kupumua mara 25 au zaidi kwa dakika, au 8 au chini, oksijeni ya damu 91 au chini, namba ya juu ya presha 90 au chini, mapigo 131 au zaidi, au 40 au chini, na mgonjwa aliyechanganyikiwa ghafla au asiyeamka vizuri.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kupumua. Fungua chati za wodi yoyote na utakuta wagonjwa 20 wote wanapumua mara 20 kwa dakika. Hakuna wodi ya namna hiyo duniani. Namba hiyo imeandikwa bila kuhesabu, na ni hasara kubwa, kwa sababu kupumua ndiko kunakoanza kuharibika kabla ya presha kushuka.

Hesabu hivi: shika kifundo cha mkono wa mgonjwa kama unayepima mapigo, kisha hamisha macho yako kifuani au tumboni bila kumwambia. Mtu akijua unamhesabu pumzi hubadilisha. Kifua kikipanda na kushuka ni moja. Hesabu dakika nzima, si sekunde 15 mara nne: kosa la pumzi mbili kwenye sekunde 15 linakuwa kosa la pumzi nane. Kama blanketi linazuia, weka kiganja chako juu ya blanketi, utahisi.

Kwenye raundi hii hii shusha vyandarua, inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45 kwa anayelishwa kwa mpira wa puani, na ongeza blanketi. Njombe au Mbeya mwezi wa Juni na Julai, mzee aliyelowa jasho usiku wa manane hupoa haraka kuliko unavyodhani.

Zungumza pia na ndugu anayekesha na mgonjwa. Mwambie dalili za kukuita: akipumua kwa shida, akitokwa jasho la baridi, akiongea maneno yasiyoeleweka, damu ikionekana kwenye mpira. Mwambie vilevile asiguse dripu. Wapo ndugu wenye nia njema kabisa wanaofungulia dripu ikimbie wakiamini mgonjwa atapona upesi.

## Hatua ya 5: Oksijeni na dripu kwa hesabu, si kwa macho

Mtungi utafika asubuhi? Zidisha ujazo wa mtungi kwa presha inayosomeka kwenye geji, gawanya kwa presha ya mtungi ukiwa umejaa, kisha gawanya kwa lita anazotumia mgonjwa kwa dakika. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 unaojazwa hadi bar 137, ukisoma bar 60, una lita kama 2,980. Mgonjwa wa lita 5 kwa dakika atautumia dakika 596, yaani chini kidogo ya saa 10. Ukianza saa 2 usiku, utakata pumzi kabla ya saa 12 asubuhi, wakati umeinamia sindano. Mtungi wa pili usogezwe sasa, na uwe tayari umefungwa geji.

Soma lita katikati ya kigololi, si juu yake. Barakoa ya kawaida isipewe chini ya lita 5, hewa chafu anayotoa mgonjwa hubaki ndani akaivuta tena. Mirija ya puani hutosha kwa lita 1 hadi 4 hivi. Barakoa yenye mfuko inataka lita 10 hadi 15, na mfuko ubaki umejaa mgonjwa anapovuta. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anayehifadhi kaboni dayoksaidi, lengo huwa asilimia 88 hadi 92. Usimpandishe hadi 99 kwa kuridhisha macho.

Konsentreta (mashine ya umeme ya kutoa oksijeni kwenye hewa) huzima umeme unapokatika. Mtungi wenye geji uwe kando yake na spana imefungwa kwa kamba kwenye mtungi wenyewe. Kutafuta spana gizani ndiko kunakopoteza dakika.

Dripu. Mililita mara matone kwa mililita, gawanya kwa dakika. Seti nyingi za watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita, na namba hiyo imeandikwa kwenye pakiti. Lita moja kwa saa 8: 20,000 gawanya kwa 480, matone 42 kwa dakika. Mililita 500 kwa saa 6: matone 28. Bandika plasta wima kwenye chupa, chora mistari na uandike saa: hapa 22:00, hapa 00:00, hapa 02:00. Ukipita na tochi unaona papo hapo kama imekimbia au imelala, na mwenzako anaona bila kukuuliza.

## Hatua ya 6: Dawa za 00:00

Andaa ya mgonjwa mmoja, mpe, saini, nenda kwa wa pili. Kupanga sirinji 12 kwenye trei moja huonekana ni haraka mpaka lebo moja idondoke. Mwite jina lake aseme mwenyewe. Usimuulize "wewe ni Juma?", mgonjwa mwenye usingizi huitikia lolote.

Mambo yanayokosewa zaidi usiku:

Atesuneti ya malaria kali huchanganywa kwanza na mililita 1 ya bikaboneti inayokuja nayo, tikisa mpaka iwe angavu, kisha ongeza mililita 5 za maji ya chumvi au dekstrosi ya asilimia 5. Maji ya sindano hayatumiki. Kichupa cha miligramu 60 kinakuwa na miligramu 10 kwa mililita. Mgonjwa wa kilo 60 kwa miligramu 2.4 kwa kilo anahitaji miligramu 144, yaani vichupa vitatu na mililita 14.4. Itumike ndani ya saa moja, inayobaki inamwagwa. Dozi tatu za mwanzo ni saa 0, 12 na 24, kwa hiyo aliyeanza saa 7 mchana anaidai saa 7 usiku, nje kabisa ya ratiba yako ya kawaida. Iandike kwenye A4 kwa wino mwekundu.

Seftriaksoni haikutani na dripu ya Ringa kwenye mpira mmoja, kalsiamu ya Ringa huigandisha. Simamisha dripu, safisha mpira kwa maji ya chumvi, ndipo upitishe.

Potasiamu ya ampuli haichomwi moja kwa moja kwenye mshipa kwa hali yoyote. Husimamisha moyo. Huchanganywa kwenye dripu na kutikiswa vizuri, wawili mkiwa mmeangalia.

Damu ya kuongezewa ambayo si ya dharura ingoje mchana, wakati kuna macho ya kutosha. Ikilazimu usiku, ianze ndani ya dakika 30 tangu itoke kwenye friji na iishe ndani ya saa 4, nawe ukae na mgonjwa dakika 15 za kwanza. Akipata upele, kubanwa kifua au presha kushuka ghafla: funga damu, ita msaada, na kama ni mzio mkali, adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja.

Ukijichoma sindano, osha kwa maji na sabuni, usikamue, ripoti usiku huo huo. Dawa kinga dhidi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, na hutumiwa siku 28. Kusubiri asubuhi eti usimsumbue msimamizi ni kujinyima saa zako mwenyewe.

## Hatua ya 7: Saa 9 hadi saa 11 alfajiri

Mwili wa binadamu huzama saa hizi, wako na wa mgonjwa. Msiketi wote wawili. Kama utaratibu wa hospitali unaruhusu, mmoja apumzike dakika 20 na kengele, mwenzake abaki wodini akitembea. Ukilala dakika 50 utaamka na kichwa kizito, na utahitaji nusu saa kabla ya kuaminika na hesabu ya dawa.

Anayebaki macho apite na tochi, mwanga ukielekezwa sakafuni. Anatafuta mambo mawili hasa.

Kwanza, anayeonekana kulala fofofo. Mgonjwa wa insulini ambaye hakumaliza chakula cha jioni anaweza kushuka sukari saa hizi, na akionwa kwa mbali anafanana na aliyelala vizuri. Gusa paji la uso. Likiwa limelowa na baridi, mwamshe na upime. Sukari iko chini ya 4 mmol/L na anameza vizuri: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, pima tena baada ya dakika 15, kisha apate chakula. Hajitambui: usimpe kitu mdomoni, mwite daktari, dekstrosi ya asilimia 50 mililita 50 polepole kwenye mshipa mkubwa kwa mujibu wa mwongozo wenu. Hakikisha kanula iko ndani kwanza, kwa sababu ikivuja huunguza nyama.

Pili, mzee anayetaka kwenda chooni. Wengi wanaoanguka huangukia hapa. Muulize kabla hajainuka mwenyewe: "Babu, nikuletee chombo cha mkojo?" Mletee kitandani, au mketishe ukingoni dakika moja kabla hajasimama. Sakafu iliyodekiwa muda si mrefu ikaushwe.

Mfuko wa mkojo usomwe pia. Mtu wa kilo 60 anapaswa kutoa walau mililita 30 kwa saa. Tangu saa 2 usiku hadi saa 10 ni mililita 240. Ukikuta 80, kwanza tazama kama mpira umejikunja chini ya paja. Kama haukujikunja, hilo ni jambo la kumpigia daktari.

## Hatua ya 8: Kumpigia daktari usiku wa manane

Simu inayoanza na "daktari, mgonjwa wako hali si nzuri" huishia na "nakuja". Inayoanza na namba huishia na mlio wa viatu vyake koridoni. Kabla hujapiga, shika faili, karatasi ya dawa na vipimo vipya mkononi. Kisha:

"Daktari, habari za usiku. Mimi muuguzi wa zamu, wodi ya magonjwa ya ndani. Ni kitanda namba 14, mzee wa miaka 62, nimonia, siku ya pili. Sasa hivi anapumua mara 32, oksijeni 88 akiwa kwenye lita 5, presha 92 kwa 54, mapigo 124, joto 38.9, amechanganyikiwa. Saa 4 usiku alikuwa anapumua mara 22 na anaongea vizuri. Nimemkalisha, nimemwekea barakoa yenye mfuko lita 15, kanula inapitisha. Naomba uje umwone sasa."

Sekunde 40. Sentensi ya mwisho ndiyo wengi huimeza kwa heshima au woga. Iseme. Akitoa agizo kwa simu, lirudie neno kwa neno, dozi na njia ya kutolea, uandike saa ya kupiga na saa aliyofika. Dakika 15 zikipita hajafika na mgonjwa anashuka, piga tena, kisha msimamizi wa zamu. Moyo ukisimama, simu inapigwa na mwingine. Wewe uko kifuani: mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, 30 kwa pumzi 2.

Akifariki, daktari athibitishe, andika saa, zungushia pazia. Mali zake zihesabiwe na watu wawili na kusainiwa. Ndugu waambiwe wakiwa wameketi, pembeni na kitanda, na kwa neno "amefariki". Ukisema "hali imebadilika" watakaa wakisubiri ibadilike tena.

## Hatua ya 9: Asubuhi uliyokwisha kuiandaa

Saa 10 fomu za maabara zijazwe, lakini lebo ya chupa iandikwe kitandani baada ya damu kuingia. Chupa zilizoandikwa majina mapema hubadilishana wenyewe.

Insulini ya kabla ya chai isitolewe mpaka umeiona chai. Ukichoma saa 12 na chai ikafika saa 2, umetengeneza dharura ya zamu ya asubuhi. Inayofanya kazi haraka iwe ndani ya nusu saa ya mlo.

Ripoti uliianza saa 10, sasa unajaza vipimo vya mwisho tu. Andika ulichokiona: "amelala vizuri" haimsaidii mtu, "ameamka mara mbili kwa kikohozi, kapumua 22, mkojo mililita 410 tangu 20:00" inamsaidia. Ambacho hukufanya kiseme wazi. Dozi iliyokosekana kwa sababu dawa haikuwepo iandikwe hivyo, si kuachwa wazi wala kusainiwa.

Umekabidhi vizuri kama hadi saa 2 na robo hakuna aliyekurudisha kutoka getini kukuuliza jambo.

## Hatua ya 10: Kufika na kulala

Usiendeshe pikipiki wala gari ukiwa unasinzia. Kwenye daladala kaa mbali na dirisha la jua, au vaa miwani myeusi. Kula kidogo, oga, lala mara moja. Ukianza kufua "kidogo tu" usingizi unakimbia hadi saa 6 mchana. Tundika kitenge kizito juu ya pazia, simu iwe kimya isipokuwa namba moja ya nyumbani, na watoto wajue saa ya kukugongea.

Kama zamu zimefuatana, gawa usingizi: lala kwa muda wa saa nne au tano asubuhi, kisha kwa muda wa saa moja na nusu alasiri. Siku ya kumaliza ya mwisho, lala hadi saa 6 au 7 mchana tu, ili usiku uje kukukuta na usingizi wako.